Barakoa: Nasaha Iliyokosa Mwenyewe

Kabla ya mwaka 2020 neno barakoa lilikuwa limelala. Lilikuwamo makamusini, limetunzwa kama pambo la bibi ndani ya kasha, na aliyelisikia aghalabu alikumbuka majumba ya masultani na mabibi wa zamani waliokuwa hawatoki ila wamefunikwa. Asili yake ni Kiarabu, burqu', na katika mwambao liliitwa hivyo vazi la uso walilovaa wanawake wa kiungwana. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kufia Jena, Ujerumani, mwaka 1924, anaieleza barakoa katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kwa wanawake wa daraja lake vazi hilo lilikuwa stara, na pia lilikuwa cheo: mjakazi alipita njiani uso wazi kwa sababu uso wake haukuhesabiwa kuwa na haki ya kufichwa. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka humo waliingia polepole katika kanga na buibui, na kila aliyejifunika alikuwa anatoa hoja bila kufungua kinywa.

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na Zanzibar ikapata wake wiki hiyo hiyo. Neno lililolala likaamshwa. Wako waliosema maski, lakini barakoa ndiyo iliyoshinda, redioni, sokoni na vinywani mwa makondakta. Ni nadra neno la kale kupata bahati kama hiyo. Lilivuka jinsia, kwani sasa wanaume nao walivaa barakoa. Likavuka daraja, kwani fundi cherehani aliyekata vipande vya kitenge alimshonea tajiri na mchukuzi kwa mkono mmoja. Lau washairi wangeitwa kikaoni kukipa jina kitambaa kile, wasingepata lililo bora. Ndani yake mna haya, mna heshima, mna historia ya nani anastahili kusitiriwa. Kwa ugonjwa wenyewe kazi ilikuwa ngumu zaidi, na istilahi rasmi ya UVIKO-19 haikupata kukaa katika ulimi wa watu kama korona ilivyokaa. Lakini kwa kitambaa lugha ilikuwa imekwisha kujiandalia. Lililobaki ni kulitia neno hilo ndani ya sentensi, na hapo ndipo palipoharibika.

Tangazo la afya ni utanzu, nao una fani yake. Anayetaka kuuhakiki hana budi kuusoma kama asomavyo shairi: nani anasema, anamwambia nani, kwa kauli ipi. "Vaa barakoa. Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Kaa umbali wa mita moja. Epuka misongamano." Kitenzi kimekaa mbele, uchi, katika kauli ya amri na nafsi ya pili ya umoja. Msemaji hayupo. Msemewa naye hana jina, hana umri, hana cheo. Mzee wa miaka sabini na mtoto wa chuoni wanaambiwa kwa mdomo mmoja. Sababu haitajwi. Ni lugha ya gwaride.

Mtu aliyelelewa na Kiswahili cha mwambao husikia ubaridi wa kauli hii kabla hajaitafakari. Mtu mzima hamwambii mtu mzima mwenzake "vaa" na kukomea hapo. Kiswahili kimemwekea njia nyingi za kupita: kuna "uvae", ambayo hugeuza amri kuwa ombi, kuna "hebu", kuna "basi", kuna "bwana wee", kuna kumwita mtu kwa ukoo wake, mjomba, shangazi, mwanangu, ndipo neno lifuate. Haya si mapambo. Ndiyo yanayomjulisha msikilizaji kwamba aliyesema anamjua na kwamba atamwona tena kesho. Yakiondolewa, kinachobaki ni sauti ya mtu mwenye fimbo au ya mtu asiyejali, na msikilizaji huitendea ipasavyo: huogopa, au hupuuza.

Itafaa kukumbuka jinsi fasihi ya lugha hii ilivyokuwa ikinasihi. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mwaka 1858, naye ni mgonjwa. Kabla ya nasaha ya kwanza kumfikia binti, msomaji amekwisha kumjua anenaye: mama huyo yu hali gani, kwa nini anamwita mwanawe karibu, kwa nini wino na karatasi vinatakiwa leo na si kesho. Udhaifu wa mwenye kunena umewekwa mezani kwanza. Mtu anaweza leo kubishana na mengi yaliyomo katika utenzi ule, hasa habari ya mke na mume, na wengi wamebishana nayo. Lakini hawezi kusema kwamba hakujua nani anamwambia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi alikwenda mbali zaidi: nasaha yake aliuelekezea moyo wake mwenyewe, na msomaji akawa kama mpita njia aliyesikia mtu akijisuta dirishani. Shaaban Robert alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Karibu na zama hizi, Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu aliwahutubia wasichana katika Wasiya wa Mabanati, tungo iliyosambaa kwa kaseti kutoka nyumba hadi nyumba na ambayo waliosikiliza waliijua sauti ya mtunzi wake kama waijuavyo sauti ya jirani. Katika kazi zote hizo nasaha ina mwenyewe.

Itasemwa kwamba Wizara si Mwana Kupona, na kwamba bango la barabarani halina nafasi ya beti mia. Ni kweli. Lakini ufupi si udhuru. Kanga ina msitari mmoja tu, mfupi kuliko bango lolote la afya, na hakuna mtaa wa Unguja wala wa Mombasa ambako maneno ya kanga hayana mwenyewe: kila mtu anajua nani ameinunua, ameifunga siku gani, na amepita nayo mbele ya mlango wa nani. Maneno ni yale yale kwa maelfu ya kanga zilizochapwa kiwandani. Mvaaji ndiye anayeyapa nafsi. Tangazo la korona lilichapwa kwa maelfu likabaki bila mvaaji.

Kuna kosa jingine, na hili limejificha ndani ya kitenzi kimoja. Karibu kila tangazo lilisema "jikinge". Neno kinga lilifika mwaka 2020 likiwa limechoka. Kwa miongo miwili lilikuwa limebebeshwa mzigo wa UKIMWI, hata "tumia kinga" ikawa na maana moja tu ambayo watu hawaitamki mbele ya wakwe. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni kile kiambishi -ji-, kinachomrudishia mtenda tendo lake. Jikinge: jilinde wewe, okoa nafsi yako. Ilhali kitambaa kile cha kitenge, kwa jinsi kilivyoeleweka wakati huo, faida yake kubwa haikuwa kwa mvaaji. Kilizuia matone ya pumzi yake yasimfikie aliye mbele yake. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichelewa kulisema hilo. Mwongozo wake wa Aprili 2020 haukuwataka watu wazima wa afya kuvaa barakoa mitaani, na sehemu ya hofu yake ilikuwa kwamba barakoa za kitabibu zingewakosa waganga wanaozihitaji. Tarehe 5 Juni 2020 likageuka na kuzishauri serikali ziwahimize watu kuvaa za kitambaa mahali ambapo ugonjwa umeenea na kukaa mbali haiwezekani. Kilichobadilika ni ujuzi: ilikuwa imezidi kubainika kwamba mtu huweza kuambukiza naye hahisi lolote.

Hoja hiyo, ikitazamwa vizuri, ni hoja ya unyenyekevu. Inamwambia mtu: huenda wewe ndiye hatari, nawe hujui. Ikitiwa ndani ya "jikinge", inageuka kuwa hoja ya woga. Na woga katika jamii hii una soko baya. Mwanamume aliyekaa barazani uso wazi akasema yeye haogopi korona, na kwamba ajali ikifika haina pa kuizuia, alikuwa anaijibu sawasawa sentensi aliyoambiwa. Ameambiwa ajilinde, amejibu kwamba nafsi yake ameikabidhi kwa Mola. Hapo hakuna wa kumjibu kwa tangazo. Wanazuoni walikuwa na majibu, kwani hadithi ya kutokuingia nchi yenye tauni wala kuikimbia inajulikana na kila aliyekaa darsani, na ile ya kumfunga ngamia kwanza ndipo utawakali ndiyo imekuwa methali. Na walio wengi waliyatumia. Ila hawakuulizwa swali lililokuwa karibu zaidi: je, unaweza kuwakalia ajali jirani zako kwa niaba yao?

Ni haki kusema kwamba matangazo mengine yaliongeza: "jikinge na uwakinge wengine". Walakini tazama mahali walipowekwa wengine. Wamekuja mwisho, baada ya kiunganishi, kama abiria wa kusimama. Na "wengine" ni kina nani? Kiswahili kina neno "mwenzio", ambalo haliwezi kutamkwa bila uso wa mtu kutokea. Hakuna anayemwonea huruma "wengine". Fauka ya hayo, neno barakoa lilikuwa limekuja na kitenzi chake tangu zama za Salme, nacho ni kusitiri. Kusitiri kunakwenda pande mbili: mtu hujisitiri, na humsitiri mwenzake, aliyesitiri aibu ya nduguye amefanya jambo kubwa kuliko aliyejifunika mwenyewe. Barakoa kama stara ya pumzi, mtu akiwasitiri wazee wake na kile asichokijua kifuani mwake: sentensi hiyo ilikuwa imelala karibu kabisa na matangazo, katika neno lile lile waliloliandika kila siku, na haikuinuliwa.

Hapa mhakiki inampasa ajizuie, maana ni rahisi kwa watu wa maneno kudhani kwamba maneno ndiyo kila kitu. Upo ushahidi unaowashusha kiburi. Kati ya mwisho wa 2020 na miezi ya mwanzo ya 2021, watafiti walifanya jaribio kubwa la barakoa katika vijiji 600 vya Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi, ya mashamba na masoko ya msongamano. Katika vijiji vilivyoachwa kama vilivyo, watu kama 13 kwa mia walionekana wamevaa barakoa sawasawa. Katika vijiji vilivyoshughulikiwa, walifika 42 kwa mia. Na watafiti walijaribu pia maneno: mahali pengine walisisitiza kujilinda, pengine kumlinda mwenzio. Tofauti ya maneno haikuonekana kuongeza kitu. Ujumbe wa simu nao haukuongeza. Kilichofanya kazi ni barakoa kupelekwa mlangoni bila malipo, watu kuelezwa, viongozi na maimamu kuonekana wamevaa, na mtu kuwepo njiani wa kumkumbusha mpita njia uso kwa uso.

Je, basi "jikinge" haina lawama? Lawama inabaki, ila inahama. Kitenzi kibovu hakikuwa chanzo cha kushindwa kwa matangazo, kilikuwa dalili. Anayeandika "jikinge" kwenye bango ni mtu asiyekusudia kusimama mbele ya yeyote. Angekuwa na uso wa bibi kizee mbele yake, angejikuta akisema maneno mengine bila kufundishwa.

Kenya inatoa mfano wa upande wa pili. Huko ujumbe ulikuwa na mwenyewe. Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, alikuwa akiwatokea wananchi mara kwa mara na takwimu za siku, na mwezi Machi 2020 alisema kwa Kiingereza sentensi iliyokaa vinywani kuliko zote: kwamba watu wakiendelea na mwenendo wa kawaida, ugonjwa huu utawatendea yasiyo ya kawaida. Msomaji wa mashairi ataona mara moja kwa nini ilishika. Ina pande mbili zinazojibizana kama ukwapi na utao; neno lililotangulia linarudi limepinduliwa. Watu waliifanyia mzaha, na mzaha ni njia mojawapo ya kuhifadhi. Laiti mambo yangeishia hapo. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka usiku, askari waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi abiria waliokuwa wakisubiri feri Likoni, watu waliokuwa wakijitahidi kufika makwao kabla ya saa iliyotajwa. Ugonjwa unaotaka watu watengane uliwakuta wamesukumwa kifua kwa mgongo, macho yanawatoka machozi, mikono usoni. Rais Kenyatta aliomba radhi siku chache baadaye kwa nguvu iliyotumika. Mwezi uliofuata kanuni ziliwekwa: asiye na barakoa hadharani faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Yaliyofuata ni barakoa ya kidevuni. Hakuna mtu wa Mombasa wala Nairobi asiyeikumbuka: kitambaa kimeteremshwa chini ya mdomo, tayari kupandishwa askari akionekana na kushushwa akipita. Wengi waliicheka kama ujinga. Haikuwa ujinga. Ilikuwa usomaji sahihi wa matini. Watu walikuwa wameelewa barabara kwamba ujumbe hauhusu pumzi, unahusu askari; wakavaa mahali askari anapotazama.

Tanzania mambo yalikwenda kwingine. Kuna methali ambayo waandishi wa nasaha huikimbilia kila maradhi yanapoingia: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka 2020 methali hiyo iligeuka kuwa kitendawili, kwa sababu wakuu walikuwa wawili katika nyumba moja. Bango la Wizara lilibaki ukutani likisema vaa; Rais John Magufuli aliita siku tatu za maombi ya kitaifa mwezi Aprili, mwezi Mei akatilia shaka vipimo vya maabara baada ya sampuli za papai na mbuzi kusemekana zina korona, na mwezi Juni akasema ugonjwa umeondoka nchini kwa maombi. Takwimu zilikuwa zimesimama mwezi Mei kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikusogea tena kwa zaidi ya mwaka. Mkazo ukawa kujifukiza. Mwananchi aliyeacha barakoa hakuwa mkaidi. Alikuwa amesikia la mkuu. Aliyeendelea kuvaa naye alikuwa amesikia la mkuu, yule mwingine. Kosa la methali ni kudhani kwamba mkuu ana kauli moja.

Kilichofuata ni sura ambayo wapenzi wa ushairi wanapaswa kuisoma kwa makini kuliko wengine, kwa kuwa inahusu chombo chao wenyewe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa maradhi ya kuambukiza bila idhini ya mamlaka. Ugonjwa ukakosa jina. Ulipopamba moto tena mwanzoni mwa 2021, watu walikufa kwa "nimonia", kwa "changamoto ya upumuaji", kwa "kushindwa kupumua". Redio zikasoma matangazo ya vifo kwa maneno hayo, na waliosikiliza wakaelewa. Fumbo, fani ambayo washairi wa mwambao wameinoa kwa karne nyingi ili mnyonge aweze kumsema mwenye nguvu, lilikuwa sasa limekaa upande wa pili, likimfunika mwenye nguvu asisemwe. Na fumbo hilo lilikuwa na gharama isiyokuwamo katika majibizano ya malenga. Malenga akikosa kulifumbua fumbo la mwenzake, hupoteza mchezo. Hapa aliyekosa kufumbua alikwenda kumuuguza mjomba wake mwenye "changamoto" bila kitambaa usoni. Mficha maradhi, wasema wahenga, kifo humuumbua. Wahenga hawakutaja kwamba mara nyingine kifo humuumbua aliyefichwa.

Matukio mawili ya Februari 2021 yanafaa kuwekwa pamoja. Tarehe 23, Philip Mpango, Waziri wa Fedha wa wakati huo, alitokea mbele ya waandishi nje ya hospitali mjini Dodoma ili kukanusha uvumi kwamba amefariki. Hakuvaa barakoa. Alizungumza akikohoa na kutweta, huku amezungukwa na watu. Kusudi la maneno lilikuwa kuwatuliza wananchi. Kifua kilisema lake. Bahati njema alipona, na mwezi uliofuata akawa Makamu wa Rais. Lakini picha ile ilibaki kuwa tangazo la afya lenye nguvu kuliko yote yaliyochapwa mwaka huo, na ilikuwa hivyo bila kukusudiwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza mwili wa mtu ulikuwa umeingia ndani ya matini.

Tukio jingine lilitangulia, nalo linawahusu watu wa visiwa zaidi. Tarehe 31 Januari 2021, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona, pamoja na mkewe na baadhi ya wasaidizi wake. Sentensi ilikuwa kavu. Haikuwa na amri, haikuwa na methali, haikumtaka mtu anawe chochote. Lakini ilikuwa na jina la mgonjwa na jina la ugonjwa, vitu viwili ambavyo wakati huo havikuwa vikikaa pamoja hadharani. Maalim alifariki tarehe 17 Februari katika Hospitali ya Muhimbili, akazikwa kesho yake kwao Mtambwe, Pemba. Siku nne baada ya kifo chake, Rais Magufuli alisema kwamba hajakataza barakoa, akawahimiza watu wavae zile zinazotengenezwa nchini. Haiwezekani kupima ni nyuso ngapi zilifunikwa kwa sababu ya sentensi ile ya Januari. Kinachoweza kusemwa ni kwamba, katika mlundo wote wa maneno ya miaka ile miwili, hiyo ndiyo iliyosimama karibu na kitanda cha Mwana Kupona: kuna mgonjwa, ana jina, na kwa kuwa anaumwa anachosema kina uzito.

Na washairi? Inasikitisha kwamba wengi waliandika mabango yenye vina. Tungo za korona zilizopita redioni na simuni mwaka 2020 zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake zilichukua orodha ya Wizara zikaipa mizani: beti la sabuni, beti la mita moja, beti la barakoa, kisha dua. Mizani ilitimia, kituo kilirudi mahali pake, na nafsineni alikuwa yule yule asiyekuwepo. Mtunzi aliyeazima kauli ya amri kutoka ukutani aliazima pamoja nayo upweke wake. Shairi la nasaha halihitaji kuwa na elimu ya daktari, daktari alikuwepo. Lilihitaji mtu mmoja aliyejisuta kwamba alikwenda msibani naye ana mafua, au binti aliyekaa mlango wa pili wa chumba cha mama yake kwa siku kumi na nne akizungumza naye kupitia pazia. Mambo hayo yalitokea katika nyumba nyingi za mwambao, na walioyapitia ni wasomaji wa mashairi.

Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021, hakuanza kwa tangazo. Aliunda kamati ya wataalamu, na katika ziara yake ya Uganda mwezi Aprili alionekana amevaa barakoa. Tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam, na maneno aliyosema siku hiyo yanastahili kutazamwa kifani. Alijitaja kwanza kuwa ni mama wa watoto wanne, bibi, na mke. Urais na uamiri jeshi mkuu vikafuata. Kisha akauliza kwa namna yake iwapo mtu mwenye mizigo yote hiyo angejipeleka kwenye hatari kwa makusudi. Mpangilio huo si wa ofisini. Ni mpangilio wa utenzi: kwanza nafsi, ukoo, na kile ambacho mnenaji anaweza kukipoteza, ndipo hoja. Hata hivyo miezi ilipita na wengi hawakwenda. Sentensi moja njema ya Julai haikuweza kufuta mwaka mzima wa kauli zilizopingana, na ingekuwa ajabu kama ingeweza.

Idadi ilipanda kwa kasi mwaka 2022, watoa chanjo walipopelekwa kupita nyumba kwa nyumba. Anayefika mlangoni hupiga hodi na kungoja. Hutaja jina lake na anakotoka, huulizia hali ya wazee wa nyumba, hukaribishwa kwenye kibaraza, huletewa maji. Kisha, kabla ya kufungua kisanduku chake, huulizwa lile swali ambalo bango halikuweza kuulizwa: na wewe mwenyewe, umechanja?